SINEMA ZA VITA NA HESHIMA YA WAPIGANAJI WETU

Utangulizi

Makala hii imetokana na mjadala uliozuka katika darasa la elimu ya siasa tuliloliendesha hapa Songea kwa vijana wa kata mbalimbali. Tulikuwa tumewapeleka vijana hao kwenye Makumbusho ya Majimaji, wakaliona kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari, 1906. Tuliporudi darasani tuliwapa zoezi jepesi: kila mmoja aandike majina ya wapiganaji watatu anaowaheshimu.

Tulipokusanya karatasi tulikuta jina linaloongoza ni Rambo. Wapo walioandika majina ya makomando wengine wa sinema. Wachache waliandika Kinjeketile. Jina la Nduna Songea Mbano, ambalo ndilo jina la mji wanamoishi, lilikuwa kwenye karatasi chache mno. Na nyuma ya darasa alikuwa amekaa mzee mmoja aliyepigana Vita ya Kagera, ambaye tulimwalika kuja kuzungumza. Vijana wote walikuwa wamemwamkia "shikamoo babu" walipoingia. Hakuna aliyeandika jina lake.

Hatukuwacheka vijana wale, na wala hatukuwakaripia. Mtu huandika alichofundishwa, na katika jambo hili walimu wao wakubwa wamekuwa vibanda vya video. Kwa miaka mingi hata mfuko wa plastiki wa sokoni, mpaka ulipopigwa marufuku tarehe 1 Juni, 2019, uliitwa rambo nchi nzima. Ikiwa mpiganaji wa kubuni amefika mpaka kwenye mfuko wa dagaa, na mpiganaji wa kweli hajafika kwenye daftari la shule, kosa si la mtoto.

Kwa hiyo yafaa tujiulize mambo matatu. Kwanza, sinema ya vita hufanya kazi gani katika jamii? Pili, inawezekanaje sinema ikamtukuza mpiganaji na papo hapo ikamsahau? Tatu, shukrani ya kweli kwa waliopigana ni ipi, hasa kwetu sisi wa Ruvuma?

Sinema ni chombo, na chombo kina mwenyewe

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba sinema si kioo kinachoonyesha kila kilicho mbele yake. Kuna mtu anayeamua kamera ielekee wapi. Mtu huyo ana fedha za nani, na anataka tuamini nini? Bila kuuliza hivyo tutaichukua kila picha kuwa ni ukweli mtupu.

Historia ya nchi yetu inalithibitisha jambo hili. Kati ya mwaka 1935 na 1937 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, palikuwa na jaribio la Waingereza la kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda kitengo maalumu cha sinema za makoloni, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwafanya watu wa makoloni waunge mkono vita. Nadharia iliyotawala kazi hiyo ilikuwa kwamba Mwafrika hawezi kufuata sinema ya kawaida, na kwa hiyo atengenezewe picha za polepole na nyepesi. Yaani mtu aliyehesabiwa kuwa na akili ya kutosha kubeba bunduki mpaka Burma alihesabiwa kuwa hana akili ya kutosha kutazama picha.

Na walikwenda kweli. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingizwa jeshini katika vita hivyo. Askari wa Keya walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Bukini mwaka 1942, na kisha Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyosonga mbele katika bonde la Kabaw mwaka 1944, wakati wa masika, katika matope na malaria, mpaka ikaufikia mji wa Kalewa mwezi Desemba.

Sasa tutazame sinema zilisema nini. Mwaka 1945 Wamarekani walitoa sinema iitwayo "Objective, Burma!". Ndani yake vita vya Burma vinaonekana kama kazi ya kikosi cha Wamarekani. Waingereza walikasirika, magazeti yao yakalalamika, na sinema hiyo ikaondolewa katika majumba ya London. Malalamiko yao yalikuwa ya haki: jasho lao lilikuwa limepewa mtu mwingine. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa mabwana wawili juu ya nani aonekane kwenye picha. Askari wa Keya, aliyetoka Songea, Masasi au Tabora, hakuwamo katika sinema, na hakuwa ndiye aliyegombewa. Aliporudi nyumbani, malipo yake ya kuagana na jeshi yalikuwa yamepangwa kwa rangi ya ngozi. Risasi haikumbagua, lakini karani wa mishahara alimbagua.

Kabla ya hapo ilikuwa vivyo hivyo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha pale mjini sanamu ya askari, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Sanamu ile ina bunduki na singe, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Ilipofika mwaka 1951 Wazungu walitoa sinema maarufu, "The African Queen", ambayo hadithi yake inatokea katika nchi yetu hii wakati wa vita hiyo hiyo. Mashujaa wake ni mwenye mashua mzungu na mmisionari wa Kiingereza. Mpagazi amekuwa sehemu ya msitu.

Huu ndio mfano wa kwanza wa kumtukuza mpiganaji kwa kumsahau: vita vinabaki, bunduki zinabaki, ushindi unabaki, na mtu anaondolewa.

Sinema za waliokuwa wakipigana wenyewe

La hasha, hatusemi kwamba sinema zote za vita ni uongo. Chombo kikishikwa na mkono mwingine hufanya kazi nyingine.

Mwaka 1966 ilitoka sinema ya "The Battle of Algiers", juu ya ukombozi wa Algeria. Ndani yake Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda wa wapiganaji katika mji wa Algiers, anaigiza nafasi iliyotokana na maisha yake mwenyewe. Mwaka 1971 Margaret Dickinson alitoa "Behind the Lines", picha ya maisha katika maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO huko Niassa, yaani ng'ambo ya mto Ruvuma tu kutoka kwetu. Mkoa wetu hauhitaji kufundishwa habari hizi kwa vitabu peke yake. Vita ya ukombozi ilipoanza tarehe 25 Septemba, 1964, watu wa Msumbiji walivuka mto wakakimbilia kwetu, na Muhukuru ikawa makazi ya wakimbizi. Wazee wa vijiji vya mpakani wanakumbuka kugawana nao mihogo.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Mueda. Tarehe 16 Juni, 1960, Wareno waliwapiga risasi wananchi waliokusanyika Mueda. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 watu wa pale walikuwa wakiigiza tukio hilo wenyewe, mahali pale pale lilipotokea. Mwaka 1979 Ruy Guerra aliupiga picha mchezo huo, akachanganya na maelezo ya walioshuhudia. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa sinema ya kwanza ndefu ya hadithi ya Msumbiji huru. Hawakungoja fedha nyingi wala mizinga ya bandia. Walikuwa na mahali, walikuwa na mashahidi, na walikuwa na kumbukumbu.

Sisi nasi tunayo yetu. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1980 kampuni hiyo pamoja na Taasisi ya Picha na Sauti ilitoa sinema ya rangi iitwayo "Vita vya Kagera". Sinema hiyo inaonyesha ushujaa na moyo wa askari wetu tangu uvamizi wa Idi Amin wa mwishoni mwa Oktoba 1978. Ni hazina. Hata hivyo, swali la kujiuliza ni hili: ni wangapi kati ya vijana wetu wameiona, ukilinganisha na walioiona "Rambo"?

Ushujaa si kutokuwa na hofu

Turudi darasani. Zamu ya mzee ilipofika, kijana mmoja alisimama akamwuliza: "Babu, wewe uliua maadui wangapi?" Darasa likacheka kidogo, kisha likanyamaza. Mzee naye alinyamaza. Halafu akasema: "Mjukuu wangu, mimi sikuwahesabu niliowapiga. Niliwahesabu wa kwetu, kila jioni, tulipopanga mstari."

Baada ya hapo hakueleza mapigano. Alieleza kutembea. Alisema vita ile kwake ilikuwa ya miguu: mvua, matope, viatu vilivyooza, mzigo mgongoni, na kungoja. Alieleza jinsi walivyogawana chumvi. Alitaja jina la mwenzake mmoja mara nne au tano, na kila mara alisema na jina la kijiji cha mwenzake huyo, kana kwamba anaogopa tusijue pa kumtafuta.

Ndugu msomaji, tuangalie tofauti iliyopo. Swali la kijana lilitoka kwenye sinema, bali jibu la mzee lilitoka vitani. Katika sinema ya biashara mpiganaji ni mtu mmoja, hana mama, hachoki, haharishi, na risasi zake haziishi. Vita ni yake binafsi. Lakini vita ya kweli ya kujilinda ni kazi ya umma. Mwaka 1978 jeshi letu lilikuwa na askari wasiozidi 40,000. Katika muda mfupi liliongezeka likapita 150,000, na kati yao 40,000 hivi walikuwa mgambo, yaani wakulima na wafanyakazi waliotoka mashambani na viwandani. Wengine walitoka Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Hakuna kibanda cha video kilichowahi kuonyesha jeshi la namna hiyo.

Na ukweli wenyewe una mafunzo zaidi kuliko sifa. Tarehe 10 Machi, 1979, pale Lukaya, katika barabara ya kwenda Kampala, Brigedi ya 201 ilishambuliwa na askari wa Amin wakisaidiwa na Walibya. Wengi wa Brigedi ile walikuwa mgambo ambao hawajawahi kuonja vita. Makombora yalipoanza kuanguka walishikwa na hofu wakatawanyika. Usiku ule walijipanga upya. Brigedi ya 208 ikarudishwa ili impige adui kutoka ubavuni, na alfajiri ya tarehe 11 mashambulizi yakaanza upya. Adui alivunjika. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ilianguka.

Wapo wanaodhani kusema kwamba askari wetu waliogopa ni kuwavunjia heshima. Sisi tunaona kinyume. Mtu asiyeogopa hastahili sifa kwa kusimama. Ni kama jiwe lisilosifiwa kwa kutokimbia. Mkulima aliyetimuka jioni kwa sababu hajawahi kusikia kombora, kisha alfajiri akarudi kwa miguu yake, huyo ndiye shujaa. Sinema inayomwondolea hofu yake inamwondolea na ushujaa wake. Tena inamdanganya kijana: siku atakapoogopa, naye ataogopa, ataamini kwamba yeye si mtu.

Shukrani si makofi

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Je, sinema inaweza kumletea mpiganaji haki yake?

Historia inaonyesha kwamba inaweza, kwa sharti. Tarehe 1 Desemba, 1944, pale Thiaroye nchini Senegal, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wa Kiafrika waliokuwa wamerudi kutoka vitani, kwa sababu walidai malipo yao. Mwaka 1988 Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow waliitolea habari hiyo sinema, "Camp de Thiaroye". Kisha mwaka 2006 ikatoka "Indigènes" ya Rachid Bouchareb, juu ya askari wa Afrika Kaskazini walioikomboa Ufaransa. Tangu mwaka 1959 Ufaransa ilikuwa imezigandisha pensheni za askari wake wa zamani wa makoloni, huku za Wafaransa zikipanda. Rais Jacques Chirac aliitazama sinema ile, na mwaka huo huo Serikali yake ikatangaza kwamba pensheni za wapiganaji hao zilinganishwe na za wenzao Wafaransa.

Tujifunze mawili hapo. La kwanza, machozi ya watazamaji hayakuwa shukrani. Shukrani ilikuwa sheria na fedha zilizofuata. La pili, ilichukua karibu miaka 50. Wengi waliokuwa wakidai walikuwa wamekwisha kufa, na hakuna pensheni inayolipwa kaburini.

Hatuyasemi haya ili kuwanyoshea kidole Wafaransa peke yao. Kujikosoa ni sehemu ya itikadi yetu. Mzee yule aliyekuja darasani alituambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amekwenda mara sita katika ofisi moja kufuatilia karatasi zake, na kila mara ameambiwa aje kesho. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huitwa akae jukwaani, apigiwe makofi. Tarehe 26 husimama foleni kama mtu asiyejulikana. Kiongozi anayempigia makofi mzee hadharani na kumzungusha ofisini hana tofauti na mtengeneza sinema wa London: anautaka ushujaa, hamtaki mtu.

Wajibu wetu Ruvuma

Mkoa wetu una dhamana ya pekee. Hapa ndipo Wangoni walipopigana Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, ambayo kwa makadirio ya chini iliua watu 75,000 na kwa makadirio ya juu karibu 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma vyakula na mashamba. Katika kaburi la pamoja wamelala 66, na Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Inasimuliwa tangu enzi kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Makumbusho yalifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 6 Julai, 1980. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama hapo hapo, akawaomba radhi wajukuu wa mashujaa hao, akaahidi kusaidia kutafuta mabaki hayo.

Tutambue vizuri jambo hilo lilivyowezekana. Halikuletwa na sinema. Lililetwa na familia zilizokataa kusahau, zikarithishana majina kwa zaidi ya miaka 100, na kila Februari ngoma za lizombe na ligihu zikachezwa mbele ya makaburi. Lilisaidiwa pia na vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao mwaka 1968 walikwenda vijijini kuandika maneno ya wazee walioiona Majimaji kwa macho yao. Wangechelewa miaka 10 tu, maneno mengi yangezikwa.

Hapo ndipo tulipo sasa kwa upande wa Kagera. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 Kampala ilipoanguka amekwisha kupita miaka 65. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo yafanywe katika kila tawi:

(a) Yaandikwe majina ya waliopigana, walio hai na waliokufa, kijiji kwa kijiji, wakiwamo mgambo waliorudi kwenye jembe, na wapishi, madereva na wauguzi wa vita.

(b) Vijana wapelekwe kwa wazee wakayarekodi maelezo yao. Simu alizonazo kijana leo zinapiga picha bora kuliko kamera nyingi za mwaka 1979. Asiulize uliua wangapi. Aulize ulikuwa na nani.

(c) Wazee na wajane wenye madai wasindikizwe ofisini na viongozi wa tawi, na kiongozi asirudi kabla hajapewa jibu la maandishi.

(d) Vijana wafundishwe kutazama sinema ya vita kwa maswali manne: Nani ameitoa? Nani anaonekana, na nani ameondolewa? Waliokufa wana majina? Baada ya vita, mpiganaji alipata nini?

Hitimisho

Hatuwaambii vijana waache kutazama sinema. Wazitazame, lakini wawe watazamaji wenye mwamko, wasiofurahia mlipuko wakamsahau aliyelipukiwa. Timu yetu inaitwa Majimaji, uwanja wetu unaitwa Majimaji, mji wetu unaitwa Songea. Majina tunayo. Kinachotakiwa ni kuwajua wenye majina.

Mwisho wa darasa lile tuliwarudishia vijana karatasi zao, tukawaambia atakaye aweza kusahihisha. Hatukukusanya mara ya pili, kwa hiyo hatujui waliandika nini. Tulichokiona ni kwamba kijana yule aliyeuliza swali la kwanza alimfuata mzee mlangoni, akamwomba amtajie tena jina la mwenzake na la kijiji chake, polepole, ili aliandike.